Sauti za Usiku na Ndoto Zetu



Tangu simu zilipoingia katika nyumba zetu, vijana wengine wa makanisa wamepata desturi mpya. Wakati wa kulala wanatia kifaa cha kusikilizia masikioni, na simu inatoa sauti mpaka asubuhi. Wengine wanasikiliza mvua isiyokoma, wengine mawimbi ya maji, wengine filimbi, na wengine sauti ya mtu anayenong'ona, "Sasa unaota, sasa unaota." Wanasema kwamba sauti hiyo itawasaidia kujua ndani ya ndoto kwamba wanaota, kusudi waiongoze ndoto kama wanavyotaka: kuruka kama ndege, kumshinda adui, kuonana na baba aliyekufa. Wazee wa kanisa wanauliza kama ni uchawi. Walimu wa shule wanauliza sababu gani wanafunzi wanasinzia juu ya meza. Na vijana wenyewe wanakuja kwa dispensari wakiumwa kichwa, macho mekundu, wakiomba vidonge.

Nitajibu kwa urefu kidogo, kwa sababu jambo hili linagusa watu wengi kuliko hao vijana. Linamgusa kila mtu aliyeota vibaya usiku, akaamka asubuhi akitafuta mtu wa kumlaumu.

Sikio halilali

Mungu aliyapa macho vifuniko, lakini masikio hakuyapa. Mtu akilala, masikio yake yanabaki wazi kama mlango usio na ubao, na ubongo wake unakaa hapo kama mlinzi, unasikiliza na kuchagua. Mama anaweza kulala sana huku mvua kubwa inapiga mabati, lakini mtoto akilia kidogo tu, yeye ameamka. Mwaka 1960 wataalamu wa Uingereza waliwasomea watu waliolala majina mengi, moja baada ya lingine, huku wakipima kazi ya ubongo wao. Waliona kwamba ubongo unashtuka zaidi mtu akisikia jina lake mwenyewe. Maana yake mlinzi yule hasikii makelele tu, anajua pia ni nani anayeitwa.

Mkisoma 1 Samweli sura ya 3 mtaona kijana Samweli amelala, akasikia anaitwa, akaamka na kumkimbilia Eli. Mara ya kwanza Eli alimrudisha alale. Mara ya pili vilevile. Ni mara ya tatu tu mzee yule alipofahamu kwamba Bwana ndiye aliyemwita kijana. Ninapenda sana uvumilivu wa Eli katika sura hii, ingawa mambo mengine ya nyumba yake hayakuwa mazuri. Hakukimbilia kusema habari ya sauti iliyosikiwa usiku.

Tena usingizi wa usiku mmoja si wa namna moja tu. Unakwenda kwa mizunguko, kila mzunguko karibu saa moja na nusu. Katika mizunguko ya kwanza usingizi ni mzito sana, na wakati huo mwili unapata pumziko kubwa. Kwa kadiri asubuhi inavyokaribia, usingizi wa namna nyingine unaongezeka: macho yanatembea-tembea chini ya vifuniko vyake, na ubongo unafanya kazi karibu kama mchana. Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, wa chuo kikuu cha Chicago huko Marekani, waliandika habari ya usingizi huo mwaka 1953. Ukimwamsha mtu wakati huo, mara nyingi atakuambia ndoto. Na kwa rehema ya Mungu mikono na miguu inalegea kabisa wakati ule, kusudi anayeota anapigana asimpige mke wake.

Namna sauti inavyoingia katika ndoto

Zamani katika Ufaransa alikuwako mtu mwenye elimu aliyeitwa Alfred Maury. Mwaka 1861 alitoa kitabu juu ya usingizi na ndoto. Alikuwa amemwomba mtu akae karibu naye akilala, amfanyie mambo mbalimbali, halafu amwamshe. Siku moja mtu huyo aligonga makasi na koleo ndogo karibu na sikio lake. Maury aliota kengele zinalia, na kisha kengele za hatari, na kisha akajiona katika mji wa Paris katika siku za fujo za Juni 1848, ambazo alikuwa amezipita kweli. Angalieni: kigongo kidogo cha chuma kilileta vita nzima. Sauti ilitoka nje, lakini hofu ilitoka katika kumbukumbu za mtu mwenyewe.

Sisi hatuhitaji kusafiri mpaka Paris kwa kuona jambo hili. Mama mmoja alilazwa kwetu baada ya kupasuliwa tumbo. Kila siku karibu na asubuhi aliota kwamba ngoma ya matanga inapigwa kwao, na mama mkwe wake anasimama kando ya kaburi lililo wazi, akicheka. Siku ya tatu alimwambia mume wake, "Mama yako ananizika, nami ningali hai." Mume hakusema neno. Alichukua kofia yake akaenda moja kwa moja kwa mlango, na kila mtu katika nyumba ile ya wagonjwa alifahamu anakokwenda. Mwanamke yule mzee alikuwa mjane, anakaa katika lupango la mwana wake, hana pahali pengine. Ninyi mnajua yanayompata mjane mzee akitajwa kuwa mchawi. Wengine wamefukuzwa usiku na mvua. Wengine hawakufika asubuhi.

Tulimzuia kwa mlango, tukamwomba atupe siku mbili. Kwa maana mwuguzi wa zamu ya usiku alikuwa ameona neno: mgonjwa huyu alianza kuugua na kugeuka-geuka katika usingizi saa kumi na moja na nusu kamili, wakati mlinzi anapogonga rimu ya gari kuita watu kwa maombi ya asubuhi. Rimu ile imefungwa kwa mti karibu na dirisha lake. Tukamhamisha mama kwa kitanda cha upande mwingine, na mlinzi akapiga polepole zaidi. Ngoma haikurudi katika ndoto. Mama mkwe alirudi mara moja, kwa sababu magomvi yao yalikuwa ya kweli, na hayo yalikuwa kazi ya mchungaji, si ya mlinzi wa kengele.

Basi, mbele ya kumtaja mtu kwa sababu ya ndoto, ulizeni kwanza maneno ya nyumbani. Ni kitu gani kililia usiku ule? Redio iliachwa wazi? Jirani alitwanga sombe alfajiri? Watu wa kilio waliimba usiku kucha ng'ambo ya mto? Halafu ulizeni maneno ya mwili. Homa ya malaria inaleta ndoto kali, na mtoto mwenye homa anaweza kusema maneno ya ajabu akiwa amelala. Dawa nyingine zinaleta ndoto pia. Mefloquine, iliyotolewa kwa kuzuia malaria, inajulikana sana kwa neno hili, vilevile efavirenz, ambayo wagonjwa wa ukimwi walio wengi waliimeza mbele ya dawa mpya kuja. Mtu akisumbuliwa na ndoto baada ya kuanza dawa, asiitupe, aje atuambie.

Na jinamizi je? Mtu anaamka, anaona nyumba yake, lakini hawezi kuinua hata kidole, naye anasikia kama mtu amekaa juu ya kifua chake. Wengi wameapa kwamba ni mchawi. Wandugu, ni ule ulegevu wa mikono na miguu niliousema. Akili imeamka, mwili ungali katika usingizi wa ndoto. Jambo hili linapita kwa sekunde au dakika chache, nalo haliui. Linakuja zaidi kwa mtu anayekosa usingizi, na kwa mtu anayeukata usingizi wake kwa kusudi. Kwa hiyo vijana wa simu wasishangae likiwapata.

Je, mtu anaweza kujua kwamba anaota?

Ndiyo, anaweza. Wengi wenu imewapata mara moja au mbili: mnyama anakufukuza, nawe unajiambia, "Hii ni ndoto tu." Munganga wa Uholanzi, Frederik van Eeden, aliandika juu ya ndoto zake za namna hii mwaka 1913. Wengine hawakuamini. Walisema mtu huyo ameamka kidogo, anajidanganya. Ilikuwa mwaka 1975, katika chuo kikuu cha Hull huko Uingereza, Keith Hearne alipopata alama ya kweli. Macho, kama tulivyosema, hayalegei katika ndoto. Aliagana na mtu aliyeitwa Alan Worsley kwamba akijua anaota, atageuza macho yake kushoto na kuume mara kadhaa kwa taratibu. Worsley alilala, mashini ilionyesha kwamba yuko katika usingizi wa ndoto, na alama ikaandikwa juu ya karatasi. Ilikuwa kama barua kutoka inchi ya ndoto.

Habari ya kutumia sauti ni ya zamani zaidi. Hervey de Saint-Denys, Mfaransa pia, alieleza mwaka 1867 kwamba katika karamu za kucheza aliwaomba wapiga muziki wapige wimbo fulani kila alipocheza na mama fulani, na wimbo mwingine kwa mama mwingine. Baadaye aliweka kando ya kitanda chake sanduku la muziki lenye saa, lipige mmoja wa nyimbo hizo akiwa amelala. Wimbo ukilia, mama wa wimbo ule alikuja katika ndoto. (Kitabu hakinifundishi kama mama hao waliambiwa.)

Katika siku zetu kazi hii imefanywa kwa uangalifu zaidi. Wataalamu wengine walitoa habari mwaka 2020. Mbele ya kulala, waliwafundisha watu kuunganisha sauti fulani na swali hili: "Je, sasa ninaota?" Halafu, mtu akiingia katika usingizi wa ndoto asubuhi, walimpigia sauti ile polepole. Karibu nusu ya watu hao walitoa alama ya macho. Mwaka 2021 wataalamu wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi waliunganisha kazi yao. Watu 36 walijaribiwa, na wale waliojua kwamba wanaota waliulizwa maswali mepesi, kama nane kutoa sita, nao walijibu kwa macho au kwa kukunja uso. Mmoja alisikia swali ndani ya ndoto kama linatoka katika redio. Lakini sikieni hesabu vizuri: katika maswali 158, yaliyojibiwa sawasawa yalikuwa karibu 18 katika kila 100. Katika kila 100, karibu 60 hayakupata jibu lolote.

Sasa linganisheni kazi hiyo na simu chini ya mto. Wataalamu walikuwa wamefunga waya juu ya kichwa cha mlalaji, kusudi wajue saa ya ndoto. Sauti yao ilikuwa ndogo na fupi. Mtu alifundishwa kwanza akiwa macho. Simu haijui kama unaota au uko katika ule usingizi mzito wa kwanza unaopumzisha mwili. Inapiga tu. Kijana anapata makelele ya usiku kucha, na ndoto anayoitafuta haipati, au anaipata mara moja kwa mwezi, na kwa ajili yake amepoteza usingizi wa siku 30. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila usiku. Kijana wa masomo anahitaji saa 8 mpaka 10.

Kwa wazee walioniuliza kama ni uchawi, ninajibu: hapana. Ni kazi ya ubongo ambao Mungu aliufanyiza, kama vile kukumbuka au kuhesabu. Lakini yule anayetafuta ndoto kusudi amwulize baba yake aliyekufa habari ya shamba au ya deni, yeye nina neno naye. Neno la Mungu linakataza kuuliza wafu (Kumbukumbu la Torati 18). Na hata nikiiweka Biblia kando kwa kitambo, mwuguzi anaweza kumwambia hivi: baba unayemwona katika ndoto hiyo ametengenezwa na ubongo wako mwenyewe. Hajui kitu chochote usichokijua wewe. Ukienda kwa ndugu zako asubuhi ukisema baba amekupa shamba, ni wewe umejipa.

Wanaopaswa kuacha desturi hii kabisa

Mwenye kifafa asijaribu hata siku moja. Kukosa usingizi ni mojawapo ya mambo yanayoleta kifafa kwa upesi, na sisi katika Ituri tunao wagonjwa wengi wa kifafa, zaidi katika vijiji vya kando ya mito yenye inzi weusi wadogo wanaouma. Nimewaona wakianguka asubuhi baada ya mkesha, karibu na moto wa kupikia. Mwenye kifafa ameze dawa yake na alale usiku wote.

Vilevile mtu aliyepata kuugua akili, anayesikia sauti zisizokuwako au kushindwa kutenga ndoto na mambo ya mchana. Mlango huo kwake ni mwembamba, asiuchezee.

Mlinzi wa mgonjwa asizibe masikio usiku. Ulikuja hapa kwa sababu ya masikio yako. Mama wa mtoto mchanga vilevile. Na wale wanaowasha mashini ndogo ya umeme ndani ya nyumba au barazani kusudi simu na redio visizime, waache leo: moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo inaua nyumba nzima katika usingizi.

Neno kwa wanaoota vita

Nimeacha jambo hili mpaka sasa kwa sababu ndilo linalonisumbua zaidi. Katika Ituri na Kivu tunao watu wengi ambao hawatafuti ndoto. Ndoto zinawatafuta. Wanaona nyumba inawaka, wanasikia miguu ya watu wenye silaha, usiku baada ya usiku, miaka baada ya jambo lenyewe. Wengine wanaacha redio ikisema mpaka asubuhi kwa sababu wanaogopa ukimya. Siwezi kuwahukumu. Ninawaambia tu: muweke sauti chini kabisa, ya wimbo mnaoupenda, si ya habari za vita, maana sasa mmejua kwamba mlinzi wa masikio anaingiza kila kitu ndani.

Lakini iko dawa nyingine, isiyouzwa. Mchana, katika nuru, mtu anasimulia ndoto ile kwa mtu anayemwamini, au anaiandika. Halafu anaibadilisha. Anachagua mwenyewe namna itakavyokwisha: mlango unafunguka na ndugu zake wamo, wale watu wanapita bila kumwona, mto una daraja. Haipaswi kuwa habari ya kweli, inapaswa kuwa habari anayoweza kuikaa. Kila siku, kwa dakika 10 au 20, anaketi kimya na kuipita ndoto mpya katika mawazo, toka mwanzo mpaka mwisho. Afanye hivi majuma mawili bila kuacha.

Mwaka 2022 waganga wa Geneva, katika Uswisi, walitoa habari ya watu 36 wenye ndoto mbaya waliofanya hivyo. Mwanzoni walikuwa na ndoto mbaya karibu tatu kwa juma. Nusu yao walifanya mazoezi bila kuyaunganisha na sauti yoyote. Nusu nyingine, wakati wa mazoezi, walisikia pia sauti fupi ya piano, na usiku kifaa kilichofungwa kichwani kiliwapigia watu wa makundi yote mawili sauti ile ile katika usingizi wa ndoto. Baada ya majuma mawili kundi la kwanza walibaki na ndoto mbaya karibu moja kwa juma. Kundi lililounganisha sauti na mazoezi walibaki na moja kwa majuma matano hivi. Kifaa kile hatuna hapa. Lakini angalieni kundi la kwanza, ambalo piano haikuunganishwa na mazoezi yao: hata hivyo ndoto zao zilipungua kutoka tatu mpaka moja. Mazoezi yenyewe tunaweza kuyafanya hapa, na hayo yanahitaji mdomo wa kusema na sikio la kusikia tu.

Anayekuja kwa shauri hili asikilizwe peke yake, mlango umefungwa, na asiulizwe kuyasema yote siku ya kwanza. Alete dawa zote anazomeza katika mfuko mmoja, hata zile za sokoni na za miti. Atuambie saa anayolala, saa anayoamka akiogopa, na kitu gani kinachosikika karibu na nyumba yake saa ile. Mwanamke akipenda kusema na mwanamke, atapewa mwuguzi mwanamke. Kama anaota kila usiku na tena hataki kula, au anasema heri afe, asingoje siku ya dispensari. Aletwe siku ile ile, na mtu alale naye chumba kimoja.

Na katika nyumba za wagonjwa redio inazimwa saa tatu ya usiku. Rimu imehamishiwa kwa mti wa nyuma ya jiko.